Ungesema Haipo

Mwisole, 4 Julai 1997

Dada Aliya,

Pokea salamu za nyumba nzima, uzigawe kwa shemeji Taimur na kwa Wael na Aseel, kila mtu apate fungu lake. Sisi huku wazima wa kutembea. Mama miguu imevimba lakini mdomo haujavimba. Jana kamfukuza muuza mkaa mpaka barabarani, kisa gunia nusu yake vumbi. Asaad yuko darasa la tano. Malak kang'oka jino la mbele, hataki kucheka mbele za watu. Sleiman ndiye yule yule, maneno yote anayamaliza dukani kwa wateja, nyumbani anarudi mtupu. Na ndugu yetu Msellem mbona haandiki? Alikuja kukutembeleeni, mwaka wa tatu huu hajarudi, na barua tulizopata ni mbili, zote za kuomba radhi kwa kutoandika. Mwambie mama anamuuliza.

Kaa kitako sasa. Nina mimba ya miezi mitatu.

Najua unavyovuta pumzi hapo ulipo. Vidonge vilikuwa vinaniumiza kichwa, nikaviacha kidogo nipumzike, na katika hicho kidogo ndiyo imeingia. Unakumbuka Daktari Kasanda wa hospitali ya serikali alivyosema aliponitoa huyu mdogo, Yaarub. Watoto wanne, wote kwa kisu, kovu limebaki jembamba. Alisema nikibeba tena atanipasua mapema, kabla uchungu haujaanza, na hapo hapo atanifunga kizazi, maana mtoto wa sita sitotoka naye hai. Nilikubali. Niliandika jina langu mwenyewe kwenye faili, sikutia dole.

Basi sikiliza lililotokea. Hospitali ya serikali na ile ya misheni ya Kikatoliki zimeunganishwa tangu tarehe mosi mwezi huu. Ya serikali paa linavuja na jenereta limekufa. Misheni wana taa, wana madaktari, wana damu kwenye jokofu. Halmashauri ikaona heri ziwe moja. Kule chini zimebaki sindano na vidonge, uzazi na upasuaji vyote vimepanda mlimani kwa masista. Daktari Kasanda kahamishwa. Nikachukua faili langu nikapanda nalo. Mkuu wa wodi ya wazazi ni Sista Redempta, mwanamke mrefu, haraka hana. Kalisoma lote, kalifunga, kaniambia bila kuzunguka: "Mama, kupasua tutakupasua, tena kwa uangalifu. Kufunga kizazi hatufungi. Ndiyo kanuni ya nyumba hii." Nikamwambia mfuko wa uzazi ni wangu na jina langu limo kwenye faili. Akasema ameliona.

Nifanye nini, Da Aliya? Usipige simu. Simu iko posta, na ukizungumza pale foleni nzima inakuitikia.

Mdogo wako,
Mahbuba


Ruwi, Maskati, 2 Agosti 1997

Mahbuba, mdogo wangu usiyesikia,

Barua yako imefika juzi, nimeisomea jikoni mlango nimeufunga. Sisi alhamdulillahi. Joto la mwaka huu wallahi halisemeki, ukishika kitasa cha gari mchana unaacha ngozi. Tende zimeiva, Taimur kaleta za kwao tele, friji haina tena pa kuweka maji. Wael anataka kusomea uhandisi; Aseel hataki kusoma kitu ila majarida. Msellem yupo, mzima, yuko upande wa Rusayl kwenye maghala. Kazi nyingi tu. Mwambie mama asimuwaze.

Haya, wewe. Nilitaka kukugombeza kurasa mbili, kisha nikasema huyu keshabeba, kumgombeza hakumshushi. Lakini vidonge vinaachwa kidogo? Nani alikwambia mimba inakuja kwa wingi?

Sasa nisikilize. Huko mlimani usiende kulala chini ya kisu cha watu waliokwisha kukwambia hawakusikilizi. Utakuja kuzalia kwangu. Miye hapa kliniki nnakaa mapokezi, kila mwenye tumbo anapita mbele yangu, na daktari wetu Mmisri tunakunywa chai pamoja. Nimemwuliza kama habari za mtu mwengine. Kasema kwa mwanamke wa kovu nne hospitali za huku hazina ubishi, watafunga, ila lazima ripoti ya daktari wako, na mume atie saini. Ndiyo, usicheke. Juzi kaja bibi mmoja na watoto tisa, daktari anamwuliza mume, yeye bibi anatazama mkoba wake. Huko kwenu masista wana kanuni, huku mfuko ni wako lakini kalamu ni ya mumeo. Sleiman si mtu mbaya, atatia.

Ruhusa ya kuingia nchini inaombwa kwa jina la mwenye nyumba, kwa hivyo kafili wako, yaani mdhamini, atakuwa Taimur. Nitamwambia usiku huu au kesho, hana neno. Nitumie nakala ya pasipoti, picha nne za nyuma nyeupe, ripoti ya Kasanda, na karatasi ya Sleiman ya kukubali. Hapa kuna mandubu, yule anayewapitishia watu karatasi zao maofisini, mtu wa kwetu, atashughulika. Mwezi wa Novemba joto linavunjika, utakuja uketi nami kwenye roshani. Miaka kumi na moja hatujaonana, Mahbuba. Mungu kaleta sababu.

Mbusu mama miguu yake hiyo.

Dada yako,
Aliya


Mwisole, 30 Agosti 1997

Dada Aliya,

Mama kasema miguu yake uje uibusu mwenyewe kwa mdomo wako. Watoto hawajambo. Yaarub kajifunza kusema "hapana" na sasa hasemi jengine. Mimi natapika asubuhi tu, na tumbo limeanza kuonekana.

Ndani ya bahasha utakuta vyote ulivyoagiza. Karatasi ya Sleiman nayo imo, lakini nikueleze ilivyopatikana, kwa sababu imeniuma na hapa sina wa kumwambia.

Wewe hujui kwamba Sleiman alikuwemo kwenye kamati ya kuziunganisha hospitali. Wafanyabiashara walimchagua awawakilishe. Kabla ya kutia saini, wakunga wa serikali waliomba jambo moja: chumba kimoja kule chini kibaki na mlango wake na daktari wake, mwanamke anayetaka kufunga kizazi aende huko, masista wasiguse wala wasihusike. Ombi dogo. Hata padri hakusimama kulipinga, alisema lizungumzwe. Mwenyekiti akauliza kama kuna mjumbe ambaye nyumbani kwake au mtaani kwake haja hiyo ipo, aisemee. Watu kumi na saba, wanaume kumi na sita. Kila mmoja akatazama viatu vyake. Na Sleiman akatazama vyake, naye anajua faili langu limeandikwa nini. Wakasema jambo liahirishwe mpaka kikao kijacho, wakatia saini, na kikao kijacho hakikuwako.

Kanisimulia mwenyewe usiku ule nilipompa karatasi uliyoitaka. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Kasema, "Nisimame niseme mke wangu? Mbele ya padri na wauza nyama?" Mara ya kwanza nilicheka, Da Aliya. Kisha sikucheka. Karatasi ya Maskati kaitia saini palepale, kwa sababu Maskati hakuna anayemjua.

Jengine. Sista Redempta kaniita. Kasema yeye hawezi kunifanyia ninachotaka, lakini hawezi pia kunifanya nisijue kinapatikana wapi. Hospitali ya mkoa ni ya serikali tupu, wanafunga, na ina nyumba ya kungojea wajawazito. Gari la misheni linapeleka wagonjwa huko kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Kasema ataniandikia rufaa, na niende Oktoba au Novemba kabla mvua hazijakata njia. Nimeshangaa. Nilikwenda nimejitayarisha kugombana naye.

Kwa hivyo njia ni mbili, ya kwako na ya gari la misheni. Kwa moyo wangu nataka kuja kwako. Wewe ndiye mkubwa, nasubiri neno lako.

Mahbuba


Ruwi, Maskati, 29 Septemba 1997

Mdogo wangu Mahbuba,

Hatujambo. Taimur anakusalimu. Karatasi zako zimefika zote, na picha umetoka vizuri, ingawa umenuna.

Niwie radhi kwa kuchelewa. Kazi kliniki nyingi, na Aseel alikuwa na homa. Chumba chako nimeshakitia rangi, kijani hafifu, ile ya sebule ya mama ya zamani. Nimenunua foronya mpya na neti, ingawa huku mbu hawapo sana, nimesema usije ukalala ukaona umeachwa wazi. Kitanda nimekiweka upande wa ukuta usiopigwa na jua. Kuna duka la Wahindi hapa chini lina vitambaa vya kitoto, vizuri mno, nimechukua vya rangi ya maziwa maana hatujui atakuwa nani.

Khabari ya gari la misheni, miye siipendi. Huyo sista anataka uondoke wodini kwake asipate lawama, basi. Ukalale na wagonjwa kwenye nyumba ya kungojea, mwezi mzima, huna ndugu, nani atakupikia? Wewe una dada. Usende huko. Karatasi zimo mbioni, mambo ya maofisi yana polepole yake.

Ijumaa nilikwenda Rusayl kwa Msellem kumpelekea chakula. Tulizungumza sana. Anawasalimu.

Aliya


Mwisole, 27 Oktoba 1997

Dada Aliya,

Nyumba inakusalimu. Mvua zimeanza kabla ya wakati wake, redio inasema mwaka huu zitakuwa za ajabu, na choo cha jirani kimeshaanguka. Mama anasema amewahi kuona mvua zaidi ya hizi, lakini mama kila kitu amewahi kuona zaidi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Rangi ya chumba nimeiona, foronya nimeziona, kitanda nimekiona. Visa sikuiona. Hukuandika imetoka, hukuandika haijatoka, hukuandika hata shemeji kasema nini. Wewe si mtu wa kusahau jambo, dada yangu. Wewe ukituma kilo ya sukari unaandika na jina la duka.

Gari linaondoka Jumatatu ijayo, tarehe tatu. Sista kanishikia nafasi. Jana nilipanda kumwambia ampe mwengine, akampa mwanamke mmoja wa Ukune mwenye uvimbe. Kaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia dada yangu ananichukua Maskati. Kasema vizuri, lakini uso wake haukusema vizuri.

Gari jengine ni tarehe mosi Desemba. Baada ya hapo sipandi gari tena, tumbo litakuwa kubwa na njia mbaya. Basi naomba jambo moja. Ukipata hii, nenda posta uniletee telegramu ya neno moja, IPO au HAIPO. Karani hatojua ni nini, atadhani tunazungumzia mizigo. Ukisema haipo sitokasirika na sitokuuliza kwa nini. Nitafunga kanga zangu nipande gari, nikazalie huko, khalas kama mnavyosema. Lakini usiniache kati.

Mahbuba


TELEGRAMU
MASKATI 24 NOVEMBA 1997
IPO SUBIRI ALIYA


Mwisole, 16 Desemba 1997

Dada Aliya,

Salamu nyingi. Telegramu niliipata tarehe ishirini na saba. Karani kaniletea mwenyewe nyumbani na kanipongeza, sijui alidhani nimepata nini. Gari la tarehe mosi likaondoka, mimi nikabaki nikipanga nguo.

Tangu hapo sijapata barua, na huenda si kosa lako. Daraja la chini limechukuliwa na maji tarehe tano. Reli imezama vituo viwili. Barua hii inapelekwa na mtu anayevuka kwa mtumbwi, ataitia posta ng'ambo. Simu imekufa. Hata visa ikija leo, sijui nitatokea wapi. Mkate hakuna mjini, watu wanakula viazi, na Sleiman kwa mara ya kwanza ana duka halina kitu ndani.

Masista wamenipangia kunipasua tarehe ishirini na tisa. Sista Redempta alikuja mwenyewe hadi nyumbani, kavaa mabuti, kaniambia nilazwe wiki moja kabla. Sikumkubalia. Nitakueleza kwa nini, na usinione mwenda wazimu. Wakinifungua hapa watanifunga tumbo na kuniacha na hatari yangu ndani. Sleiman namjua, na kwa vidonge najijua. Mwakani au mwaka utakaofuata nitarudi mlimani pale pale na mtoto wa sita, na wa sita nimeshaambiwa habari yake. Nina wanne wa kulea. Maji yakipungua hata siku tatu tu, kuna mtu mwenye trekta amesema atanivusha. Nangojea hiyo.

Naumwa kidogo kwenye kovu nikipinda. Si kitu.

Mahbuba


Ruwi, Maskati, 8 Januari 1998

Mahbuba mwanangu,

Ramadhani karimu. Saumu ya huku fupi na baridi imeingia, watu wanavaa masweta wakijiona wako Ulaya. Barua yako ya Desemba nimeipata jana magharibi, na futari sikuila.

Nenda kwa masista. Nnakuomba kwa Mungu na Mtume, nenda wakupasue, usingoje trekta wala maji wala kitu kutoka kwangu. Habari ya mtoto wa sita tutaizungumza baadaye, tutapata njia, nitakutumia dawa mwenyewe. Usingoje. Kama umeshakwenda, nijulishe kwa njia yoyote. Nimejaribu simu ya posta kwenu mara saba, inalia kama ya kuzimu.

Msellem anarudi nyumbani. Kajipeleka mwenyewe polisi wiki hii, watamrudisha kwa ndege ikipatikana nafasi. Nilikuwa nikimwomba tangu Septemba. Yeye atakueleza mengine, miye kwenye karatasi siwezi.

Daktari wetu ananiuliza yule mgonjwa wangu vipi. Nnamwambia bado hajafika.

Aliya


Mwisole, 23 Februari 1998

Dada Aliya,

Natumai Idi yenu ilikuwa njema. Mama hajambo. Watoto wamerudi shule, ila barabara ya chini bado ni matope. Barua yako ya Januari imefika wiki iliyopita. Naandika polepole, nikikaa sana mgongo unakataa.

Siku ya pili ya Ramadhani, saa nne asubuhi, nilikuwa nachagua mchele. Kitu kikaachia ndani. Uchungu naujua, haukuwa uchungu. Nikamwita mama, kisha sikumbuki sana. Wamenipeleka mlimani kwenye pikapu ya muuza nyama, yule yule aliyekuwa kwenye kamati, na nasikia njia nzima alikuwa analia kuliko Sleiman. Masista hawakuacha kitu. Walikaa nami muda wa saa tatu na damu yote ya jokofu waliimaliza kwangu. Mtoto alikuwa wa kiume. Walipofungua alikuwa ameshakufa. Sleiman na Asaad wakamzika alasiri hiyo, mimi sikumwona.

Mfuko ulikuwa umepasuka hauwezi kushonwa, wakautoa. Aliyetia saini ni Sleiman, wino ukamwagika kwenye faili. Basi kizazi sina. Nilichokiomba Julai nikiwa na akili zangu, nimefanyiwa Januari nikiwa sijitambui, tena wakamchukua na mtoto. Watu wananipa pole ya mtoto. Hiyo nyengine hakuna anayenipa pole, wanasema si ndivyo alivyotaka.

Siku ya tatu Sista Redempta alikaa kitandani kwangu. Hakusema kanuni imekosea, wala mimi sikumwuliza. Alisema kwamba gari la Desemba liliondoka na kiti kimoja kitupu. Alikiacha mpaka wanatoka getini, labda nitatokea. Kisha akanikunjia shuka akaenda kwa wagonjwa wengine.

Msellem kafika tarehe tisa, kakonda, kaja na mfuko mmoja wa nailoni. Alikaa siku mbili hawezi kunitazama. Siku ya tatu kanieleza yote. Kumbe alipokuja kwenu kutembea alitoroka nyumbani kwako akajificha kwenye maghala afanye kazi, na shemeji Taimur, kwa kuwa ndiye kafili wake, akaitwa polisi mara tatu kama mwizi mbele ya wafanyakazi wenziwe. Kumbe ulipomwomba Agosti anidhamini, alikataa usiku ule ule. Kasema hatoandika jina lake tena kwa mtu yeyote wa kwetu. Na kumbe ile Ijumaa ya chakula ulikwenda Rusayl unalia, ukamwomba Msellem ajipeleke polisi, shemeji apate kulainika. Msellem kakuambia amalize mwezi. Akamaliza mitatu na zaidi. Sasa analia yeye, mama analia, na mimi ndiye ninayewapikia uji.

Nimekuelewa, dada. Sijasema hukunipenda. Ulipaka rangi chumba, ulinunua neti, ulimwendea Msellem kwa miguu yako. Uliona haya kuniandikia kwamba mumeo kanikataa, uliona ni kuivua nguo nyumba yako mbele ya watu wa kwenu. Lakini mimi nilikuambia sitouliza kwa nini. Nilikuomba neno moja, na lile la kweli lilikuwa refu kuliko la uongo kwa herufi mbili tu. Ungesema haipo, ningepanda gari. Leo ningekuwa na mtoto wa miezi miwili, na kizazi changu kimefungwa kwa saini yangu.

Masista walinikatalia usoni, nikajua mahali pa kwenda. Sleiman alinyamaza, na nilipomwuliza alikiri kanyamaza. Wewe ulinikubalia, Da Aliya, na mimi nikakaa nyumbani nikingojea.

Usinitumie kitu kwa sasa, wala zile nguo za mtoto. Nikiwa na la kukuandikia nitakuandikia, na ikichelewa usimwulize Msellem.

Nisalimie shemeji Taimur. Mwambie simlaumu. Yeye neno lake alilisema siku ya kwanza, na hakulibadilisha; hakuna tu aliyenifikishia.

Mahbuba